Plagi ya Baridi kwa Mlima wa Kyondo

Nakumbuka siku moja, mwanangu, watu wa Kyondo walipotoka majumbani kuja kunitazama nikishindwa na mlima. Walishazoea. Lori la baba mdogo lilikuwa la petroli, na tangu alipolifungia turbo, ile ya kusukumia injini hewa, na kuliongezea nguvu kule Kasese, lilikuwa likipita Muhokya kwa mbwembwe za bwana harusi. Likifika kwenye mwinuko wa Kyondo linagonga, linakohoa, linasimama. Utingo anaruka na gogo lake kuzuia tairi, na watu wanasema ni kwa sababu dereva ni mwanamke.

Siku hiyo nilibeba mabati ya kanisa. Baba mdogo alikwisha kunionya kwamba likisimama tena, ufunguo unakwenda kwa binamu yangu, ambaye hata kurudi nyuma hakuweza. Kazi ile niliipenda kuliko chakula, nikalipeleka lori Bwera kwanza, roho ikiniuma.

Shida yote, mwanangu, ilikuwa neno moja. Plagi, hizi zinazotoa cheche ya kuwasha petroli, ziko za moto na za baridi. Kwetu kitu kikiitwa moto ni kikali, na mlima wetu una baridi ya kuingia mifupani. Basi baba mdogo na stendi nzima wakaamua: za moto. Zikiungua, ananunua za moto zaidi. Ubishi wake, Mungu amrehemu, ungeweza kuendesha lori bila petroli.

Kuuliza si ujinga. Nikapita kwa Papa Kambale, fundi mzee kutoka Butembo aliyekuwa na gereji pale Bwera, mtu wa kujisifu tangu asubuhi. Akafungua plagi moja, akaniwekea kiganjani. Ncha ilikuwa nyeupe kama chokaa, na kona yake imeyeyuka.

"Moteri yako iko na homa," akasema kwa Kiswahili cha kwao, ambako plagi ni buji na kutoa ni kutosha. "Mutu wa homa, unamufunika blanketi? Buji ya moto inachunga joto. Buji ya baridi inatosha joto inje. Na turbo inapuliza nguvu, ile nafasi ya cheche tutaipunguza, cheche isizimike."

Nikamwambia basi anipe zile za baridi kabisa. Akanikemea. "Hapana, mama. Hatua moja tu. Ukizidisha, itajaa masizi na haitawaka."

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini wahenga hawakuwa na turbo. Nikachagua, akazifunga. Baba mdogo aliposikia, alikuja mbio.

"Mlima iko na baridi, na wewe naweka plagi ya baridi? Leo utasukuma na mkono."

"Baba, nikisukuma, ufunguo patia binamu," nikajibu.

Akapanda kuketi kando yangu, miguu imekanyaga sakafu utadhani breki ni zake. Tukaanza mwinuko. Utingo alikuwa amening'inia nyuma na gogo lake tayari. Tukafika pale tulipozoea kusimama, watu wamejipanga, wengine wamekwisha kuanza kucheka. Nikakanyaga mafuta. Lori halikugonga wala halikukohoa. Lilinguruma, likapanda na mabati yake yote, likawapita, na kicheko kikageuka vigelegele. Nilipiga honi hadi mlangoni mwa kanisa, na nililia kwa furaha mbele ya kila mtu.

Baba mdogo alishuka. Akalichukua lile gogo mikononi mwa utingo, akawapelekea akina mama waliokuwa wakipika.

"Chukua kuni," akawaambia. "Pikia dereva wangu chai."

Dereva wangu. Chai ile bado naionja, mwanangu, na ufunguo haukutoka mfukoni mwangu mpaka nilipouacha mwenyewe.

Sasa na wewe umefunga turbo, na vijana wa stendi wamekwisha kukujaza maneno. Sikiliza. Neno la fundi muulize fundi maana yake, usilitafsiri kwa hofu yako. Ukiongeza nguvu, kwanza tafuta joto utalitolea wapi. Chagua plagi ya baridi kwa hatua moja, punguza mwanya wake, kisha ifungue uitazame ncha, maana ncha haina ubishi. Hata maishani ni hivyo hivyo: wengi hawaangushwi na mlima, huunguzwa na moto wao wenyewe.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe nguvu, na akupe pa kutolea joto lake. Na kila mwinuko utakaoupanda, watu waliotoka kukucheka wakupigie vigelegele.