Thelathini na Ushee

Mwaka ule nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, na kila Jumamosi nilikuwa nikifundisha watu wazima Kiingereza pale mtaa wa Kongo, Kawangware, Nairobi, katika ukumbi wa mabati tulioazimwa na kanisa. Mwanamke mmoja Mwingereza alipotafuta mtu wa kumtafsiria Kibera kwa wiki mbili, rafiki yangu alinitaja mimi. Alikuwa akiandika kuhusu wakunga wa nyumbani, wale waliozalisha wanawake miaka mingi kabla ya kuambiwa wawapeleke hospitalini. Nilikubali. Nilidhani kazi ngumu itakuwa maneno ya uzazi, kwa hivyo nilikesha na kamusi nikiyasoma. Kumbe yaliyonishinda yalikuwa maneno madogo kabisa.

La kwanza lilikuja kwa simu. "Tukutane tenish," aliniandikia. Saa nne kamili nilikuwa kwenye kona ya Soko la Toi, mkono mmoja kiunoni, mwingine juu ya tumbo. Alifika saa nne na dakika ishirini, anatabasamu, haombi radhi hata kidogo. Nilianza kununa, halafu nikakumbuka ile "ish" ya mwisho. Hakuwa amechelewa. Alikuwa amenipa saa nne pamoja na vitongoji vyake vyote, nami nikasikia saa nne peke yake.

Tukitembea aliniambia kwamba amewahoji wakunga "umpteen", yaani wengi wasio na idadi, na hakuna hata mmoja aliyempa hesabu kamili. Neno hilo nililijua kwa kulisoma tu. Sikuwa nimewahi kumsikia mtu akilitumia kwa mdomo wake. Linavaa mavazi yale yale ya thirteen na nineteen, limejipanga nayo mstari mmoja kama namba halali, lakini ukilitafuta kwenye rula hulioni. Nilimtazama kwa mshangao wa kweli. Watu waliozoea kupima kila kitu wamejitengenezea namba isiyokuwepo, na wanaitumia bila aibu.

Mkunga tuliyemwendea alikuwa Mnubi, kitukuu wa askari wa Kisudani walioletwa na serikali ya kikoloni. Kila mtu alimwita Habuba, yaani bibi kwa Kinubi. Alikuwa na nyumba ya udongo ya zamani yenye baraza pana, na vyumba vitatu nyuma alivyopangisha. Tulimkuta barazani akisuka tabaga, kile kifuniko cha chakula cha rangi rangi ambacho wanawake wa Kinubi husuka kwa mkono. Hakuacha kusuka hata tulipoketi.

Swali la kwanza kwenye karatasi lilikuwa fupi: umezalisha watoto wangapi? Mbele yake palikuwa na kisanduku cha kuandikia namba.

"Mimi sihesabu watoto wa watu," Habuba akasema.

Nikatafsiri. Mwingereza akatikisa kichwa kwa upole. "Roughly," akasema.

"Anauliza kama wangapi hivi, Habuba."

"Wengi."

"Anauliza wengi kiasi gani. Anasema inaweza kuwa 'dozens'."

"Dazeni ni ya mayai."

"Au 'several hundred'."

"Hiyo 'several' ni nini?"

Hapo ndipo nilipokwama. Neno hilo nilikuwa nimelifundisha Jumamosi iliyotangulia, nikaandika ubaoni kwamba maana yake ni kadhaa, nikafuta nikaendelea. Sasa mama mtu mzima ananitazama, anangoja. Nikajaribu. "Ni zaidi ya wachache, Habuba, lakini hawajafika kuwa wengi."

Akafikiri. "Basi mwambie walikuwa 'several' kabla sijaota mvi."

Mwingereza alicheka sana nilipomweleza, kisha akaandika kitu kwenye kisanduku na kukiwekea alama ya kuuliza. Habuba akanigeukia mimi. "Na wewe, mwalimu? Una wiki ngapi?"

"Thelathini na nne," nikasema. "Ndivyo kitabu cha kliniki kinavyosema."

"Sijauliza kitabu."

Akaweka tabaga chini, akafuta mikono kwenye leso, akanigusa tumbo. Hakubonyeza. Aliiweka tu mikono pale, mmoja juu mmoja chini, na macho yake yakahama kabisa kutoka barazani kwenda mahali pengine. Alikaa hivyo muda mrefu. Jirani alipita akamsalimia, hakumwitikia.

"Thelathini na ushee," akasema mwishowe. "Na huo ushee ni mkubwa."

Nilimweleza Mwingereza kwamba ushee ni kile kinachobaki juu ya namba, kisichojulikana ni kiasi gani. Huku kwetu Nairobi wengi wetu husema thelathini na kitu. Akasema kwao ni "thirty-odd". Nilipomweleza Habuba kwamba "odd" hilo hilo pia ni kitu cha ajabu, kitu kisicho na mwenzake, aliitikia kwa kichwa kana kwamba Waingereza wamesema jambo la maana kwa mara ya kwanza.

Sikulichukulia kwa uzito neno lake. Nilikuwa na kitabu changu cha kliniki kwenye mkoba, na ndani yake mlikuwa na tarehe.

Siku zilizofuata tulitembea naye. Alikuwa akimwangalia mama mmoja aliyejifungua hospitalini karibuni, kule mtaa wa Raila, ndani ya Kibera, na Mwingereza akaomba tufuatane. Tulipita vichochoro vya Kibera kwa mwendo wa Habuba, ambao ulikuwa wa kusimama zaidi kuliko wa kutembea. Kinyozi alitoka na mashine mkononi kumsalimia. "Huyu alikuja miguu mbele," Habuba akaniambia, "na mvua ilikuwa imeingia mpaka chini ya kitanda." Mama wa samaki alimpungia mkono. "Huyu alizaliwa amenyamaza. Nilimpulizia mpaka nikaona nyota." Mzee mmoja mwenye upara, fundi wa redio, aliinuka kwenye kiti chake kabisa. "Huyu mamake alimng'ata mkono dada yangu aliyekuwa akinisaidia. Alama iko mpaka leo."

Nilikuwa natafsiri kwa kukimbia. Mwingereza alikuwa ameanza kupiga vistari kwenye daftari lake, vinne na cha tano kikivikata, jinsi watu wanavyohesabu magunia. Tulipofika darajani niliona amefunga daftari. Nadhani sote wawili tulikuwa tumetambua jambo moja: huyu mama hakuijua idadi, na hakuwa amemsahau hata mmoja.

Alhamisi ya wiki ya pili, kama saa sita mchana, tulikuwa Toi. Habuba alitaka shali ya mtoto wa yule mama wa mtaa wa Raila, na mimi nilikuwa nimeshika makoti mawili ya mtumba nikiyapima kwa macho. Nikasikia kitu kimeachia ndani yangu, kidogo tu, kama kifundo kinachofunguka. Maji yakateremka mpaka kwenye viatu.

"Aki mama, chupa imepasuka!" muuza makoti akapiga kelele, na wanawake wa vibanda vya jirani wakanizunguka, wakaninyanyulia leso pande zote nisionekane.

Nilichokuwa nikisema mimi ni kimoja tu. "Bado. Bado. Ni thelathini na tano tu." Nilikuwa nimehesabu wiki zile kwenye kitabu mara nyingi kiasi kwamba nilizijua kuliko nilivyolijua tumbo lenyewe. Thelathini na tano, na ukutani kliniki kulikuwa na picha za watoto waliozaliwa mapema, vidole vyao kama njiti za kiberiti.

Mwingereza alisimamisha teksi. Simu ya mume wangu ilikuwa haipatikani. Habuba aliingia nyuma pamoja nami, akanilaza ubavu, akashika kifundo cha mkono wangu. Njia nzima nilimsikia akinong'ona kwa Kinubi, maneno yale yale yakipanda kisha yakianza upya. Ilinichukua muda kuelewa kwamba anahesabu. Mtu aliyekataa kabisa kuhesabu watoto alikuwa akihesabu pumzi zangu moja moja, na kati ya uchungu mmoja na mwingine hakuruka hata moja.

Kwenye kituo cha afya muuguzi alifungua kitabu changu, akakunja uso. "Mama, huyu mtoto hajakomaa. Hapa hatuna mashine za joto. Lazima tukupeleke hospitali kubwa, gari liitwe."

"Sista," Habuba akasema, "huyo mtoto ametimia."

"Bibi, tarehe iko hapa."

"Nani alitoa hiyo tarehe?"

Muuguzi akanitazama. Habuba akanitazama. Na mimi, katikati ya maumivu yaliyokuwa yakinikunja kama nguo inayokamuliwa, nikakumbuka siku ile ya kwanza ya kliniki. Waliniuliza siku ya mwisho ya hedhi. Sikuijua. Nilikuwa nimetokwa na damu kidogo mwezi mmoja, sikujua kama niihesabu au nisiihesabu, na nikasema, "Kama katikati ya mwezi hivi." Kama. Hivi. Maneno mawili niliyoyatanguliza na kuyafuatisha kwa uaminifu kabisa. Lakini kitabuni palikuwa na nafasi ya tarehe tu, kwa hivyo ikaingia tarehe, na yale maneno mawili yakabaki nje. Na mimi mwenyewe, mwalimu wa maneno, nikaiamini ile tarehe miezi yote kana kwamba sikuwa mimi niliyeibahatisha.

"Ilikuwa kama," nikamwambia muuguzi. "Nilisema kama."

Hakunicheka. Nitamshukuru siku zote kwa hilo. Aliweka kitabu kando, akavaa glavu, akamwambia Habuba, "Nionyeshe."

Habuba alichukua mkono wa yule muuguzi kijana, akauweka chini ya mbavu zangu, kisha akauteremsha. Mwingereza alikuwa amesimama mlangoni, ameziba mdomo. Ndani ya kile chumba kulikuwa na kitabu, saa ya ukutani, mizani na utepe wa kupimia, na watu wote walikuwa wakiingoja mikono miwili iliyopandana.

"Huyu ni mkubwa," muuguzi akasema polepole. "Ni kweli. Huyu amefika."

Hakukuwa na muda wa kuita gari tena. Habuba hakunizalisha. Alikaa kichwani, akanishika mabega, akamwachia muuguzi kazi yake. Binti yangu alizaliwa mchana ule ule na kulia kabla hajatoka mwili wote. Walimweka kwenye mizani: kilo tatu na gramu mia moja. Muuguzi aliisoma namba mara mbili, kwa sauti, na mara zote mbili nililia.

Baadaye alirudi na kitabu kurekebisha. Niliona kalamu yake ikisita mahali pa wiki. Kisha akaandika 38, na mbele yake akachora kile kialama cha wimbi ambacho madaktari hutumia kusema "kama". Mstari mdogo tu uliopinda mara mbili. Nimesoma vitabu vingi vya Kiingereza, na sijaona neno lililonigusa kuliko wimbi lile.

Mume wangu alifika jioni, shati limelowa jasho, akamkuta Habuba amelala kwenye kiti na mtoto kifuani pake.

Yule Mwingereza alirudi kwao baada ya siku chache. Miezi kadhaa baadaye aliniandikia kuniuliza: wahariri wanataka namba ya watoto aliozalisha Habuba, aweke nini? Tuliandikiana siku nzima. Alijaribu "hundreds", akaona halitoshi. Alijaribu "countless", wasiohesabika, nami nikamwambia si kweli, maana hakuna aliyejaribu kuhesabu akashindwa, mwenyewe hakutaka. Mwishowe aliacha kisanduku kitupu, na chini yake akaandika kwamba mkunga huyu anawajua wote.

Binti yangu alipotimiza siku arobaini nilimpeleka Kibera. Habuba alimfungua, akamgeuza, akamfunga tena, akaridhika. Mpangaji wake mmoja, msichana kutoka upande wa ziwa, alikuwa barazani na mimba ya kwanza, anamenya viazi. Nikamuuliza Habuba alijuaje siku ile, mikono yake inasikia nini hasa.

Alimwambia yule msichana, "Mpe mwalimu tumbo," naye akacheka akasogea. Habuba akashika mkono wangu, akauweka pale.

"Unasikia?"

"Nasikia kitu."

"Kikubwa au kidogo?"

"Sijui, Habuba."

"Basi usitoe mkono," akasema, akarudi kwenye tabaga yake. Nikabaki nimeinama, pumzi nimeizuia, na chini ya kiganja changu kitu kikageuka taratibu, kisigino labda, au kiwiko, kikanisukuma mara moja, kikatulia.