Jirani Aliyetutangulia

Kila kengele ya shamba la ujamaa ilipolia, jirani yetu alisogeza pazia kwa kidole kimoja, akatazama nani ametoka, kisha akarudi kulala. Pale kijijini kwetu Handeni sote tulifanya hivyohivyo, na shamba likabaki pori. Asubuhi moja kengele ikilia, alitoka na jembe akinyata, aende kupalilia mihogo yake iliyozidiwa na magugu.

"Huyo katoka," Mama Zamda akaita. "Sisi tunangoja nini?"

Milango ikafunguka, tukamfuata. Alipotuona nyuma yake aliona haya kukata kona ya kwake, akapitiliza hadi shamba la ujamaa. Jioni balozi wa nyumba kumi alimsifu: "Mzee, umetuamsha."

Alijikuna shingo. "Mimi nilikuwa nasukumwa, bwana."

Kesho yake kengele ilitukuta tumejipanga mlangoni kwake na majembe, na mihogo yake haikupaliliwa msimu ule.