Mapapai Yangu Kwenye Kaburi la Kaka

Msimu ukiisha bustani haina siri. Kunde zimebaki vijiti, maboga yamekauka, na chochote ulichokificha chini ya majani sasa kinaonekana. Bustani yangu ya hapa Busawe huisafisha mwenyewe mwezi wa saba, wala sitaki msaidizi. Ndizo siku ninazogombana na nafsi yangu, na sipendi mtu asikie.

Hatukuzaliwa huku. Kwetu kulikuwa Tarime, katika kijiji cha Wajaluo na Wakurya waliochanganyika, chini ya mlima wenye dhahabu. Baba alishafariki. Kaka yangu wa pekee, kabla hata hajaoa, aliingia kwenye duara, lile shimo la wachimbaji wadogo, asubuhi moja baada ya mvua kubwa. Duara likaporomoka. Wenzake walichimba siku nne, wakaona litawafukia na wao, wakaacha. Yuko humo mpaka leo.

Kwetu Wajaluo mtu asiyepatikana haachwi hivihivi. Wazee walitafuta yago, lile tunda refu na zito la mti wa porini, wakalifunga kwa shuka jipya, wakalilaza kaburini kama mtu, nasi tukalia kama tunavyolilia mtu. Bila hivyo marehemu hatulii, na waliobaki hawana amani. Kaburi lilikuwa kushoto kwa nyumba, pembeni ya bustani ya mama. Kuanzia hapo mama akawa anapalilia huku akimsemesha. Alimpa habari zote: chumvi imepanda bei, fulani kaoa, mbuzi kavunja ua tena. Mimi nilikuwa namtania kwamba mwanawe akichoka na hizo habari atahama.

Miaka ikapita. Ikaja habari kwamba kuna wawekezaji wanaitaka ardhi yetu, na kila mwenye mji atafidiwa nyumba yake, miti yake, na makaburi yake yatahamishwa kwa heshima. Weee! Watu walishikwa na wazimu. Vibanda visivyo na milango viliota kama uyoga, migomba ikapandwa jioni ili asubuhi ihesabiwe. Mchezo huo tuliuita tegesha, kwa sababu unategesha kama mtu anayetega kwale. Mama alisema sisi hatutategesha. Yeye alitaka jambo moja tu, mwanawe ahame pamoja naye, basi.

Sikio la kufa halisikii dawa. Siku mama alipokwenda msibani, nilishuka Nkende, nikanunua miche arobaini ya papai, nikaijaza bustani nzima. Nilikuwa na haraka kiasi kwamba sikuichana hata mifuko ya nailoni iliyoshika miche. Nilichimba, nikatumbukiza, nikafukia. Nilipanda mpaka miguuni pa kaka.

Mama aliporudi alikwenda mpaka miguuni pa kaburi. Aliuliza tu kwa nini nimepanda hata hapo. Nilimjibu kwa ukali kwamba marehemu hali, wanaokula ni sisi tuliobaki. Nililisema hilo kwa mdomo wangu huu huu, mbele ya kaburi, Mungu anisamehe. Mama aliingia ndani akawasha moto.

Wathamini walikuja wiki iliyofuata, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji na majirani nyuma yao. Mkuu wao alikuwa mtu wa mbali, mpole, mwenye kofia ya jua. Alimwamkia mama shikamoo, akaitazama bustani, kisha akaniuliza mapapai yamepandwa lini.

"Mwaka jana," nikasema.

Akainama, akavuta mche mmoja kwa vidole viwili. Ulitoka na mfuko wake, nailoni bado inang'aa. Mwenyekiti alicheka, majirani wakacheka, na mimi, kwa aibu, nikacheka pia. Mama hakucheka. Alitangulia mpaka kaburini, akawaeleza kwamba huyu ni mwanawe na anaomba ahamishwe.

Makaburi ya majirani waliotutangulia yote yalikuwa yameandikwa bila kuguswa. La kwetu, yule mkuu akamwomba mwenyekiti lifunuliwe kwanza. Mama akasema ukweli wote, kwamba hawatakuta mifupa, watakuta yago, na akaeleza kwa nini. Mkuu akawageukia majirani, akawauliza kama ni kweli. Hao walikuwepo siku ya mazishi, walikula kwetu, walilala kwetu. Lakini kila mmoja alikuwa na kibanda chake cha uongo nyumbani, na hakuna aliyetaka kukumbukwa na yule mtu. Wakatazama chini. Mama akanigeukia.

"Mwanangu, waambie. Wewe ulikuwepo."

Nikawaambia. Niliapa, nililia, nilitaja rangi ya shuka. Yule bwana alinisikiliza mpaka mwisho, wala hakuwa na hasira.

"Dada, si wewe uliyeniambia papai ni la mwaka jana?"

Vijana wawili walichimba. Walikuta kipande cha shuka na nyuzinyuzi nyeusi, basi. Mkuu akaandika kwamba hapana kaburi, wakaenda kwa jirani. Shimo wakaliacha wazi. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na mimi nilimlisha mama yangu mwenyewe.

Sikuweza kumtazama. Yeye aliuokota ule mche uliong'olewa, akaukung'uta mpaka ukatoka kwenye mfuko, akashuka shimoni na ule mfuko. Aliujaza udongo wa chini kabisa, pamoja na zile nyuzi. Siku ya kuhama alikataa mfuko huo uwekwe na mizigo. Aliupakata mpaka hapa Busawe, na hapa tukauzika kwenye bustani, sisi wawili tu.

Mama hakuwahi kunilaumu, hata mara moja. Afadhali angenitukana. Alipofariki, mimi ndiye niliyemzika, ubavuni pa kaka, na mimi ndiye ninayempa kaka habari sasa, chumvi na mbuzi na ndoa za watu. Wapita njia wakiniuliza hicho kilima kidogo ni cha nani, nasema ni kaburi la kaka yangu. Wananipa pole, wanaendelea na safari. Huku hakuna fidia, kwa hiyo wananiamini.