Mama Mkwe Aliyeshika Dripu

Ndugu zangu mliokuja kutazama picha hizi za mafuriko, mimi naitwa Issa. Nilizaliwa Mikindani, lakini nilioa Kitaya, na kwa desturi ya kule nikahamia ukweni. Tulilima mpunga bondeni, karibu na mto Ruvuma. Nilikuwa mzima wa afya, sijawahi kulazwa hata siku moja.

Mama mkwe wangu, Bi Fatuma, alikaa nyumba ya pili, ua mmoja na sisi. Hata hivyo, kwa miaka sita sikuwahi kula mbele yake. Nikikutana naye njiani, napisha na kuangalia chini. Nikiwa na jambo naye, namtuma mke wangu Zainabu. Hiyo ndiyo heshima niliyofundishwa, na yeye aliishika vilevile.

Maji yalipoanza kupanda, Zainabu alimchukua mtoto wetu, Awa, wakaenda kwa dada yangu Mtwara mjini. Mimi nilibaki kuokoa mpunga. Mama mkwe alikataa kuondoka. Siku ya pili mto ukafurika, ukazichukua nyumba zote mbili. Tukakimbilia shule ya msingi iliyoko mwinukoni, na barabara ikakatika.

Kisima cha shule kilikuwa kimeingiliwa na maji ya mto, na kuni zote zimelowa. Mama mkwe akachoma mipini ya majembe tuliyokuja nayo, akachemsha sufuria nzima ya maji ya kunywa. Nilikuwa na kiu kali, lakini niliona haya kumwomba. Nikaenda kisimani, nikanywa hivyohivyo.

Kesho yake asubuhi nikaanza kuharisha. Mara nne, nikanyamaza. Kufikia mchana yalikuwa yanatoka maji matupu, meupe kama maji yaliyooshewa mchele. Nikatapika mpaka sauti ikakauka. Misuli ya miguu ikakaza. Nikaanguka nyuma ya darasa, kikoi kimechafuka chote.

Aliyenikuta ni mama mkwe. Nilijaribu kujifunika uso. Akasema, "Baba Awa, aibu tutaiona ukishapona." Akanivua kikoi, akaniosha, akanifunga kanga yake. Kisha akaita wanaume wawili wanibebe hadi darasa lililofanywa wodi.

Muuguzi alikuwa mmoja tu, ameletwa kwa boti. Alinifinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama.

"Kipindupindu," akasema. "Amekaukiwa sana. Nani anamuuguza?"

"Mimi," akajibu mama mkwe.

"Wewe nani wake?"

"Mama yake."

Nilitaka kulia, lakini mwilini hata machozi hayakuwemo.

Mshipa ulipatikana mara ya tatu. Hapakuwa na pa kutundika dripu, kwa hiyo mama mkwe akaishika juu. Ikaisha moja, ikawekwa nyingine, naye amesimama palepale. Mwalimu wa shule ile, Rehema, alikuwa akipiga picha kwa simu yake ili watu wa mjini waione hali yetu. Hii mnayoiona hapa aliipiga wakati huo. Mkono wa kulia wa mama umeinua dripu, wa kushoto unanikanda mguu.

Siku ya tatu nikasikia mkojo. Nikamnong'oneza. Akageuka, akawatangazia wagonjwa wote, "Mwanangu anataka kukojoa." Muuguzi akacheka. "Basi figo zimeamka. Huyu anapona."

Barabara ilipopitika Zainabu akaja, akamkuta mama yake ananinywesha uji kwa kijiko. Alisimama mlangoni. Nikamwambia, "Mikindani usimwambie mtu." Akakaa chini akacheka huku analia.

Picha zinazofuata ni za kijiji kipya. Tulifyatua tofali pamoja, tukajenga kule juu, na wanaosukuma toroli ni baadhi ya tuliolala darasa lile.

Mwalimu Rehema alipokuja kuomba ruhusa ya kuweka picha yangu, nilikataa. Nani anataka aonekane amelala na kanga ya mkwewe? Mama mkwe akaichukua ile simu, akaitazama. "Iweke," akasema. "Mimi nimetoka vizuri."

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule muuguzi, ambaye sikumwona akilala. Ninyi mlio wazima, chemsheni maji hata kama kuni ni za shida. Ukianza kuharisha, sema mara ya kwanza, usingoje ya nne. Na kama maji safi yako kwa mtu unayemwonea haya, mwombe. Heshima yangu nusura iniue, wakati mwenyewe angenipa bila kusita.

Yule aliyekaa kwenye kiti karibu na mlango, mwenye mtandio wa njano, ndiye yeye. Mkimaliza kutazama, piteni mumsalimie. Mkimpa mkono, msiuvute. Bega la kulia bado linamuuma, na mwenyewe hatasema.