Mzee Koroga na Mabonge ya Tangini

Mzee Koroga hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alibandikwa na wanafunzi wa shule ya bweni alikofanya kazi ya kutunza kitu ambacho watu wenye adabu hawakitaji mezani: tangi la gesi ya vyoo. Chochote walichoacha wanafunzi chooni, pamoja na samadi ya ng'ombe wa shule, kilishuka kwa bomba hadi kwenye tangi la saruji nyuma ya jiko, kikaoza humo bila hewa, na gesi yake ikaenda jikoni kuivisha maharage. Wanafunzi wakala, wakarudi chooni. Mzee aliona huo ni mpango bora kuliko mipango yote ya serikali aliyowahi kuisikia.

Tatizo lilikuwa mikono yake. Marehemu mama yake alimlea kwa uji na kofi: uji ukishika mabonge, kofi. Akakua akiamini kwamba bonge ni uvivu, na kwamba mkono uliotulia ni mkono wa maiti. Redio ikisikika vizuri, ataigeuza antena. Mlango ukifunga vizuri, ataupaka mafuta mpaka ugome kufunga. Marehemu mkewe alikuwa akimfichia bisibisi kwenye ndoo ya unga, na hata humo aliikuta.

Jikoni palikuwa na Mama Jikoni, mpishi mkuu, mjane mwenye ulimi mkali na kifua kilichoharibiwa na moshi wa kuni kabla gesi haijaja. Mzee alimpenda, na hilo lilijulikana mpaka kwa ng'ombe. Siku alipomtamkia habari ya ndoa, Mama Jikoni alimjibu, "Niache nifikirie." Jioni ile ile mzee akarudi kuuliza kufikiria kumefika wapi. Kesho yake akarudi tena, akaonja mchuzi bila kuombwa na kuongeza chumvi.

"Baba wewe," Mama Jikoni akamwambia, "mavi usiyoyala, wawingiani kuku? Unawafukuzia nini?"

Mzee aliona ametaniwa, kwa hiyo anapendwa.

Ili amfurahishe, akaamua kuongeza gesi. Akachukua mabawa ya pangaboi bovu la darini, akayachomelea kwenye nondo, akaishusha tangini kupitia mfuniko wa juu na kuifunga mpini. Akaanza kukoroga. Siku za mwanzo gesi iliyokuwa imenasa kwenye tope ilifumuka, moto ukaruka, na Mama Jikoni akamsifu mbele za watu. Mkosi ulianzia hapo. Mzee akawa anakoroga tangu kengele ya asubuhi hadi ya jioni, anaimba, jasho linamtoka. Moto ukafifia, ukageuka manjano. Akakoroga zaidi. Moto ukakohoa, ukazimika kabisa.

Mkuu wa shule hakuwa mtu wa maneno mengi. "Mwisho wa mwezi moto usipowaka, naleta lori la kuni."

"Kuni zikiingia, mimi natoka," akasema Mama Jikoni. "Hiki kifua hakina nafasi ya moshi mwingine. Naenda kukaa kwa dada yangu." Na dada yake alikuwa mbali, mahali pa kwenda na kutorudi. Mzee usingizi ukampaa.

Akaletwa mhandisi wa maji taka, binti mwenye viatu vya mpira na pua isiyoogopa kitu. Akachota tope kwenye chupa, akachovya karatasi ya kupimia. Karatasi ikawa nyekundu.

"Limechacha, tindikali tupu," akasema. "Baba, humu mnakoroga kiasi gani?"

"Kutwa nzima, mwanangu," mzee akajibu kwa fahari.

Binti akashusha pumzi. "Umewatenganisha majirani. Humu kuna vijidudu vya aina aina, na hakuna anayemaliza kazi peke yake. Huyu anakula uchafu, anatoa tindikali na hidrojeni. Vitu hivyo vikijaa karibu yake vinamkaba, hawezi kula tena. Jirani yake ndiye anayeishi kwa hivyo hivyo: anavipokea, na yeye ndiye anayekutolea gesi ya kupikia. Wengine wana vinywele vya kupitishiana umeme, mwili kwa mwili. Sasa watapokezanaje kama kila wakishikana unawapiga pangaboi? Lazima wakae wamegandana, ndiyo maana wanajikusanya mabonge."

"Mabonge?"

"Mabonge ndiyo makazi yao, baba."

Mzee alilisikia kofi la mama yake, ila safari hii limetokea upande wa pili.

"Sasa nifanye nini?"

"Tia chokaa kidogo, na ndoo chache za tope kutoka tangi jingine lililo zima. Punguza kuwalisha. Halafu usifanye kitu."

"Usifanye kitu, ndiyo nifanye nini?"

"Hivyo hivyo. Kaa."

Maisha yake yote hajawahi kupewa kazi ngumu kama ile. Aling'oa mpini akampa Mama Jikoni auweke anapojua, akaenda kukaa kando ya tangi, mikono ameikalia. Iliwasha. Na kwa kuwa aliona sasa kwamba mdomo nao hukoroga kama mikono, hakwenda jikoni kuuliza habari za kufikiria. Mama Jikoni akatuma mtu kuuliza kama mzee anaumwa.

Mwisho wa mwezi mkuu wa shule akasimama jikoni, lori limeshaagizwa. Mzee hakuthubutu kwenda. Aliogopa hata kuusogelea mlango, asije akaurekebisha. Akabaki pale nje anasikiliza: kiberiti, kisha kimya. Kiberiti tena. Kisha vifijo vya wapishi, na sauti ya mkuu wa shule kwenye simu akiwarudisha watu wa kuni.

Baada ya muda Mama Jikoni akatoka na vikombe viwili vya chai. Akakaa kwenye saruji kando yake, bega likagusa bega, wala hakulisogeza.

"Dada yangu anakuja Jumamosi kukuona," akasema. "Vaa shati lenye vifungo vyote."

Mzee alikuwa na maswali mengi kifuani. Saa ngapi, alete nini, dada mtu anapenda nini, yale mazungumzo ataanza nani. Akatazama kikombe chake. Sukari yote ilikuwa imelala chini, na kijiko hakikuletwa. Akainywa chai hivyo hivyo, chungu, taratibu, mpaka akaifikia sukari.