Mkalimani wa Miaka Sita

Mvua ile ilianza saa moja asubuhi, mama mkwe wangu akiwa mlangoni na mkoba mkononi, tayari kumchukua binti yangu.

Hakuwa akimwiba. Tulikuwa tumekubaliana. Mke wangu alikuwa na miezi minne Uarabuni, akifanya kazi za nyumbani kwa mkataba wa miaka miwili, na mama yake alinipigia simu kutoka Kendu Bay akasema mwanamume peke yake hawezi kulea mtoto wa kike mjini, afadhali mtoto akae kwake mpaka mama yake arudi. Nikasema sawa. Sikumwambia ngoja kwanza nifikirie, wala ngoja tuongee na mama mtoto. Nilisema sawa, mama, nikamtakia siku njema, kisha nikaketi pale na simu mkononi nikijiona mjinga wa mwisho.

Ni lazima nieleze mbona sikukataa, maana watu wawili watatu wameshaniuliza wakiwa wamekunja uso. Mimi ni Mkuria wa Ntimaru, mke wangu ni Mjaluo, na katika mambo ambayo watu wetu hubishania, suala la mama mkwe halimo. Mama mkwe huheshimiwa, basi. Hampeani mikono. Hamketi pamoja. Hakioni kitanda chako, na kulala chini ya paa lako ndiyo kabisa haiwezekani. Katika miaka minane ya ndoa, ukijumlisha salamu zote, nilikuwa nimezungumza na yule mama kwa muda usiotosha kuchemsha yai. Mtu wa namna hiyo akikwambia jambo, unaitikia.

Alikuwa amefika jioni iliyotangulia na kulala kwa jirani yetu wa ghorofa ya chini, mama Mwislamu mwenye duka la vitambaa, ambaye huwapokea wageni wa jengo zima bila kununa. Asubuhi akapanda ngazi kuja kumchukua mtoto. Walikuwa wapande gari la Homa Bay la saa mbili, na kutoka huko waunganishe hadi Kendu Bay. Ndipo mvua ikaanguka. Tunaishi ghorofa ya tatu, juu kabisa, chini ya mabati, na mvua ya Migori ikiyapiga mabati hayo hata mtu wa kando yako lazima apaze sauti ndipo umsikie. Kutoka dirishani niliona barabara ya stendi ikijaa maji ya udongo, na mwenye bodaboda mmoja amevua viatu na kuvibeba mkononi. Stima ikapotea. Mke wangu hupatikana kwa simu siku ya Ijumaa tu, tena mwajiri wake akipenda, na hiyo ilikuwa Jumanne.

Sasa nyumba yenyewe ni chumba kimoja. Pazia hukigawa katikati: upande wa mlango kuna viti na meza, upande wa ndani kuna kitanda, meko ya gesi na sanduku langu la kazi. Mama mkwe akaketi upande wa viti. Mimi nikajipenyeza upande wa kitanda na kuvuta pazia mpaka mwisho. Katikati yetu akabaki binti yangu, miaka sita, ambaye peke yake alikuwa na ruhusa ya kupita chini ya pazia kama paka.

Hiyo ndiyo siku aliyopata kazi yake ya kwanza. Wakwe hawasemezani hivi hivi kama watu wa sokoni, kwa hiyo tulizungumza kupitia kwake. Bibi yake, ambaye yeye humwita Dani kama Wajaluo wote wanavyowaita bibi zao, alimpa neno kwa Kijaluo. Mtoto akapita chini ya pazia na kunitafsiria kwa Kiswahili. Mimi nikajibu kwa Kiswahili, naye akarudi ng'ambo na Kijaluo chake.

Dani alianza na nywele. Alimwambia mtoto aniulize ni nani aliyemshona kichwa.

Hapo alinipata. Mimi ni fundi viatu. Kusuka nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu, na mistari yangu imenyooka kuliko ya saluni nyingi, lakini mkono wangu umezoea soli. Nilikuwa nimekaza uzi mpaka macho ya mtoto yakawa yamevutwa nyuma kidogo.

Mtoto akatokeza upande wangu. "Baba, Dani anauliza nani alinisuka vizuri hivi."

Jambo ambalo mama mkwe hakulijua ni kwamba Kijaluo nakielewa. Siwezi kukizungumza bila kuchekwa, lakini nakielewa. Mke wangu alikuwa na tabia ya kunisengenya na dada zake kwa Kijaluo nikiwa nimeketi palepale, na sijapata mwalimu aliyemzidi. Kwa hiyo nilijua kabisa kwamba hilo neno "vizuri" halikuwemo. Nikayatazama yale macho yaliyovutwa.

"Mwambie ni mimi," nikasema. "Na umwambie asante."

Nilidhani ni adabu tu, mtoto kanihurumia. Nikachemsha chai ya rangi, nikamtuma aombe radhi kwa kuwa maziwa yalikuwa yameisha. Nikamsikia akimweleza bibi yake kwamba maziwa yapo, ila baba amemwekea yeye, maana baba humpa maziwa kila siku. Kisha Dani akamwagiza aniambie nitie sweta ndani ya begi, kwa kuwa kule ziwani asubuhi kuna baridi.

"Baba, Dani anasema kule kwake kuna upepo mbaya. Inabeba watoto."

"Inabeba watoto?"

"Wale wadogo."

Nikauma mdomo nisicheke. Nikamwambia, haya, kamwambie sweta iko ndani na begi limefungwa tayari. Akaenda na kutangaza kwa Kijaluo safi kwamba zipu ya begi imeharibika na baba hajui kuitengeneza.

Upande wa pili wa pazia kukasikika kicheko, cha ghafla, kilichokatwa katikati. "Fundi viatu, na zipu imemshinda?" Dani alisema hivyo kwa Kiswahili, kama anayejisemea, ila kwa sauti ya kuishinda mvua.

Nikakumbuka kwamba hata kwenye simu alinisemesha kwa Kiswahili, na kwamba yule mama ameuza samaki sokoni tangu mke wangu hajazaliwa, na wateja wake si Wajaluo peke yao. Kiswahili anakisikia vizuri tu. Basi tangu asubuhi sote wawili tulikuwa tukimsikia mkalimani wetu akitudanganya, kila mmoja upande wake, na hakuna aliyemkanya.

Ndipo jambo lenyewe likaniingia. Mtoto hakutaka kwenda. Nilipomweleza wiki ile kwamba ataenda kukaa kwa Dani, hakulia wala hakuuliza kitu. Alisema sawa. Alisema vilevile nilivyosema mimi kwenye simu, na mimi nikafurahi kwamba ameelewa. Niliona aibu, nikiwa pale kitandani na kikombe cha chai, mtu mzima aliyefundisha mtoto wake kuitikia.

Lakini nifanye nini? Kumtuma mtoto akamwambie bibi yake kwamba baba amegeuka? Mama wa watu amelipa nauli, amelala kwa jirani asiyemjua. Tena mtoto akaniletea habari kwamba Dani ana godoro jipya lililonunuliwa kwa ajili yake, "lakini ni ndogo sana, Baba, miguu itatoka nje." Neno la Dani lilikuwa godoro jipya tu. Nilimwona akilini mwangu yule mama akilichagua dukani, akilibonyeza kwa kiganja, na moyo ukaniuma kwa ajili yake pia.

Mvua haikupungua. Tukapika chapati: mimi nikakanda upande wangu, mtoto akazisukuma kwa chupa kwenye meza ya upande wa Dani, akanirudishia nizichome. Zilikuja na maumbo ya ajabu. Moja ilikuwa na shimo, na nikaambiwa Dani ndiye aliyeitoboa. Sikuamini, ingawa baadaye niligundua ni kweli.

Baada ya kula Dani akauliza kama nyumba hii ina ajua. Ajua ni ule mchezo wa mashimo na mbegu, safu mbili za mashimo manane manane, mbegu tatu kila shimo. Haikuwepo. Nikachukua trei mbili za mayai, nikakata vipande na kuviunga kwa gundi yangu ya soli, nikahesabu maharagwe arobaini na manane. Mtoto akaona hakuna haja ya yeye kucheza kwa niaba yangu. Akaisukuma trei chini ya pazia, nusu huku, nusu kule, akainua ukingo wa pazia na kuubana kwa kiatu. "Chezeni," akasema.

Basi tukacheza, mimi na mama mkwe wangu, bila kuonana uso. Nilichoona ni mikono yake tu. Ilikuwa na makovu madogo ya visu na miba ya samaki, na ilikuwa haraka ajabu. Alinifunga mchezo wa kwanza kabla sijaketi sawasawa. Katika wa pili nilicheza kwa sheria za kwetu Ntimaru, akapinga, nikapinga, mtoto akawa anakimbia huku na huku na hoja zetu mpaka akachoka, akatuamua kwamba sote tumekosea. Dani alicheka, safari hii bila kujikata. Niseme wazi, nilifurahi siku ile. Nilifurahi vibaya, kwa kuwa kila nikisikia mvua nilikuwa nikiomba isiishe.

Iliisha katikati ya mchezo wa tatu. Juu ya mabati huwezi kukosa kujua. Ukimya uliingia ghafla, na kutoka stendi zikasikika sauti za makanga wa magari wakiita abiria wa Homa Bay. Mimi nilisikia. Dani alisikia, maana mkono wake ulisimama juu ya shimo. Mtoto, aliyekuwa amelala kifudifudi kando ya trei, alisikia pia. Hakuna aliyesema mvua imeisha. Mkono wa Dani ukashuka, ukaendelea kugawa maharagwe moja moja, polepole kuliko mwanzo. Nikacheza zamu yangu. Akacheza yake. Tuliendelea hivyo muda mrefu, mpaka maharagwe karibu yote yakawa upande wake na hapakuwa na cha kucheza tena.

Ndipo akamwambia mtoto aniambie nilete begi.

Mtoto akaingiza kichwa chini ya pazia. Akanitazama.

"Dani amesema nini?" nikauliza, kana kwamba sikusikia.

"Hajasema kitu."

Nilijua kwamba nikinyamaza sasa, begi litatoka, mtoto atashuka ngazi bila kulia, na kila nikimpigia simu huko ziwani ataniambia yuko sawa.

"Mwambie Dani," nikasema, "baba anaomba ubaki hapa."

Akanitazama ahakikishe. Kisha akarudisha kichwa upande wa pili, na nikamsikia akilisema kwa Kijaluo, neno kwa neno, kwa sauti ndogo. Hakuongeza chochote.

Dani alijibu kwa kirefu, na sauti yake ilikuwa imeshuka hata nikakosa maneno kadhaa. Mtoto akaja, safari hii akapita mwili mzima na kusimama mbele yangu.

"Dani anasema siku hiyo ya simu alikuwa amejitayarisha mgombane. Anasema ulisema sawa haraka sana." Akavuta mkono wa shati langu. "Anasema alifikiri hunitaki. Ndiyo akakuja mbio."

Sikuwa na la kusahihisha. Yale niliyoyasikia mwenyewe yalikuwa hayohayo. Miaka minane nilikuwa nikijisifu kimoyomoyo kwamba mimi ni mkwe mwenye adabu, sibishi wala siinui sauti, na kumbe adabu yangu ilikuwa imemfikia yule mama ikiwa hivyo, kwamba nampa mtoto wangu kama mtu anayetoa kiti kilichovunjika. Machozi yalinitoka. Nikamshika mtoto mabegani.

"Mwambie si hivyo. Mwambie nilikuwa namheshimu."

Akafikiri kidogo, akitafuta neno, kisha akavuka akalisema. Alilolipata ni *luoro*. Lilikuwa neno sahihi. Ila Wajaluo wanapomheshimu mtu na wanapomwogopa hutumia neno hilohilo, na mpaka siku ile sikuwahi kulifikiria.

Nikasikia kiti kikisogea. Dani alikuwa amekigeuza kuelekea kwenye pazia. Akaongea Kiswahili, na hakumwambia mtoto. Aliniambia mimi.

"Baba, hiyo neno iko mbili. Uliniheshimu, ama uliniogopa?"

Mtoto akaanza kupita chini ya pazia aniletee swali. Nikamwashiria abaki palepale.

"Nilikuogopa, mama."

Huko nje makanga walikuwa bado wanaita.

"Basi huyu abaki," akasema. "Desemba shule ikifungwa umlete wewe mwenyewe. Na ukuje na mdomo yako."