Zizi Lililopakwa Oili

Asubuhi ile Hakitupwi alitoka na mswaki mdomoni, akamkuta mtamba wa mkewe amesimama zizini, paji la uso amelisukumiza kwenye ukuta wa banda kama anayetaka kuuangusha. Akamwita. Mtamba hakugeuka. Akampungia mkono mbele ya jicho, lile jicho kubwa lenye kope ndefu, wala halikupepesa. Akausogeza mkono mpaka vidole vikagusa kope. Mswaki ukamdondoka, na povu la dawa ya meno likamchuruzika kidevuni bila mwenyewe kujua.

"Mama watoto," aliita, na sauti yake ikamtisha. "Njoo. Huyu haoni."

Hakitupwi si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na mafundi wenzake wa gereji alikofanya kazi miaka thelathini na mmoja, kwa sababu kila walipotaka kutupa kitu, yeye alikuwa ameshanyoosha mkono. "Hakitupwi hicho." Nati zilizolika, mikanda iliyokatika, mipira ya breki, vyote alivifunga kwenye baiskeli na kurudi navyo nyumbani vikilia ngwala ngwala njia nzima. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu: kimoja cha watu na viwili vya vyuma. Ukimuuliza, alikujibu kwamba akiba haiozi. Wenzake walimcheka, kisha jioni wakaja kumwomba nati.

Katika akiba zote, aliyoipenda kuliko nyingine ilikuwa oili chafu. Gari lilipobadilishwa oili, ile nyeusi iliyotoka chini ya injini aliikinga kwenye dumu, akafunga kifuniko, na ubavuni akachora mwaka kwa msumari. Alipostaafu alikuwa na madumu kumi na tisa yamejipanga nyuma ya choo, mengine ya tangu hajaota unywele mweupe hata mmoja. Atayafanyia nini, hakujua. Alijua tu kwamba kila kitu kina siku yake.

Siku yenyewe ilifika mchwa walipoingia kwenye zizi la mkewe.

Nasema la mkewe kwa sababu mtaa mzima ulijua hivyo. Mama huyu alimtunza ng'ombe wa mwalimu mmoja mstaafu kwa makubaliano kwamba ndama jike wa kwanza atakuwa wake. Wakazaliwa madume matatu mfululizo, hadi watu wakamtania kwamba ng'ombe naye anamwogopa mwenye mali. Wa nne akatoka jike. Mama akambeba mabegani mpaka nyumbani, akapita barabara kuu mchana kweupe ili aonekane. Akamwita Bibi Harusi, maana alitembea polepole kama anayejua kwamba anatazamwa. Nyumba ilikuwa ya mume, kiwanja kilikuwa cha baba mkwe, hata kitanda alikikuta. Bibi Harusi alikuwa wake. Sasa alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba yake ya kwanza, na mama alikuwa ameshawaahidi maziwa watu wengi kuliko ng'ombe yeyote anavyoweza kutoa.

"Baba, nguzo zinaliwa," alimwambia mumewe. "Siku akiegemea, tutamfuata barabarani."

"Niachie mimi."

Alifungua madumu kwa furaha ya mtu aliyengojea kuombwa. Alipaka nguzo, akapaka na mbao zote za ubavuni, ndani na nje, akirudia mara tatu kwa siku mbili, hadi zizi likang'aa kama viatu vya askari. Mchwa wakahama. Akamwita mkewe aje aone. "Mchwa akionja hapa, anaandika wosia kwanza," alisema, na mkewe akacheka mpaka akashika mbavu. Wiki ile Hakitupwi alitembea kifua mbele. Mke ambaye kwa miaka yote alikuwa akijikwaa kwenye vyuma vyake alikuwa amemwambia, mbele ya majirani, kwamba akiba ile imeokoa zizi.

Wiki tano baadaye, ndipo ikafika asubuhi ile ya mswaki.

Mkewe alikuja mbio, akamshika Bibi Harusi shingoni. Mtamba alikuwa akisaga meno, mlio wake unasikika hadi jikoni. Masikio yalimtetemeka, mate yalimtoka kama uzi. Alipovutwa kutoka ukutani alizunguka mara mbili pale pale, akagonga nguzo, akarudi kuuegemea ukuta.

"Jana alikula vizuri," mama alisema. Kisha akanyamaza, akainua macho kutazama nyumba ya pili. "Amelishwa kitu."

Katika nyumba ya pili aliishi fundi cherehani, mwanamke mpole mwenye ulimi wa kujibu. Miezi miwili nyuma alikuwa amelalamika kwamba nzi wa zizini wanatua kwenye magauni ya wateja wake, wakatupiana maneno, na tangu siku hiyo salamu zikawa za kichwa tu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama alisema.

Hakitupwi, Mungu amsamehe, aliamini. Alizunguka zizi lote akitafuta majani yaliyotupwa, ganda, karatasi, chochote, huku akishika nguzo moja baada ya nyingine ili asiteleze kwenye tope. Viganja vikawa vyeusi. Akavipangusa kwenye suruali, akaenda kumwita daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa binti wa watu, amevaa buti za mpira, na alikuja na pikipiki. Alimpima Bibi Harusi, akamfunua kope, akamsikiliza tumbo. Alimwomba mama maji ya moto, na mama alipoingia jikoni akaanza kutazama huku na huko: pipa la maji, hori la majani, na mwisho nguzo. Hapo akasimama.

"Mzee, hii ni nini?"

"Oili chafu. Ya mchwa."

"Na hapa?"

Alikuwa ameweka kidole mahali ambapo kichwa cha ng'ombe kinafika. Pale nguzo haikuwa nyeusi. Ilikuwa ya kijivu, laini, safi kana kwamba imesuguliwa kwa msasa, na hali ilikuwa hivyo hivyo kwenye nguzo inayofuata, na kwenye mbao, mkanda mmoja wa kijivu ukizunguka zizi lote kwa ndani. Hakitupwi alikuwa ameuona mkanda ule. Alidhani ni jua. Wiki iliyopita alikuwa amechukua brashi akaurudia wote.

"Amekuwa akilamba," daktari alisema. "Oili hii ni ya lini?"

Hakitupwi akamletea dumu. Daktari akasoma mwaka uliochorwa kwa msumari, akafumba macho kidogo.

"Mzee, enzi zile petroli ilitiwa madini ya risasi. Yalishuka kwenye oili, na yamo humo mpaka leo. Ng'ombe huipenda ladha yake, akianza haachi. Sumu inajikusanya mwilini taratibu, halafu inapanda kichwani."

Hakitupwi alitaka kusema kwamba mikono yake imeshinda ndani ya oili hiyo maisha yake yote na hajafa, lakini alijua ni upuuzi, kwa hiyo akauliza jambo moja tu.

"Atapona?"

"Nitamchoma sindano. Ila sikudanganyi, amefika mbali. Akifa, nyama isiliwe, hata mbwa wasipewe." Akatazama mlango wa jikoni. "Mwenyewe inabidi aambiwe. Nimwambie mimi?"

"Hapana. Nitamwambia mwenyewe."

Na alikusudia hivyo kweli. Lakini mama alitoka na sufuria ya maji, akauliza kabla hajaitua chini: "Daktari, ni sumu, sivyo?"

"Ni sumu, mama," daktari alijibu, kisha akamgeukia mzee, akangoja.

Hakitupwi akatazama viatu vyake. Daktari alingoja muda mrefu kuliko adabu inavyotaka, akachoma sindano zake, akaondoka. Kilichomshangaza Hakitupwi hata kuliko habari yenyewe ni jinsi kunyamaza kulivyokuwa rahisi.

Saa saba mchana Bibi Harusi alipiga magoti, akalala ubavu, miguu ikapiga hewa. Mama alikaa chini kwenye tope na mkono juu ya tumbo lile kubwa. "Ndama anacheza," alisema. "Baba, njoo uguse, anacheza." Hakitupwi hakusogea. Mtamba alivuta pumzi ndefu na hakuitoa. Mama akaendelea kuweka mkono pale pale, kichwa ameinamisha, anasikiliza kwa kiganja. Baada ya muda akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ametulia."

Watu wakajaa. Habari ya ng'ombe kufa haihitaji tarumbeta. Fundi cherehani naye alikuja, utepe wa kupimia ukimning'inia shingoni, kwa maana alikuwa ameacha mteja katikati.

"Pole, dada," alisema.

Mama aliinuka na tope lake. "Umeridhika?"

"Nimefanya nini?"

"Nzi wamekwisha sasa. Shona. Nani atakusumbua?"

Fundi cherehani alitazama watu, mmoja mmoja, akitafuta anayecheka ili ajue ni utani. Hakuna aliyecheka. Mwanamume mmoja aliyekuwa nyuma alisema kwamba mwenye kumlisha sumu ng'ombe leo atamlisha mtoto kesho. Mwingine akasema aitwe mwenyekiti wa mtaa. Mwanamke yule aliushika utepe wake kwa mikono miwili. "Mimi hata langoni kwenu sijaingia," alisema. "Wallahi sijaingia."

Hapo Hakitupwi akatambua kwamba akivuta pumzi mbili zaidi, mwanamke huyu hataweza kuishi tena katika mtaa ule, na kwamba yeye, mzee mzima, ameshavuta nyingi.

"Si yeye," alisema.

Hawakumsikia. Akaenda nyuma ya choo, akarudi na dumu, akaliweka chini katikati yao kwa kishindo.

"Si yeye. Ni mimi. Ni hii oili niliyopaka. Ina sumu ndani yake, na ng'ombe alikuwa akiilamba. Daktari aliniambia asubuhi, na mimi nikanyamaza."

Aliyesema aitwe mwenyekiti alianza kukuna shingo. Fundi cherehani alikaa chini palepale aliposimama, akalia.

Mama hakumtazama mumewe. Aliitazama nguzo iliyokuwa karibu naye, akapitisha kidole kwenye ule mkanda wa kijivu, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hakitupwi alingoja. Alikuwa tayari kwa matusi, alikuwa tayari kwa kofi mbele za watu, alikuwa tayari kuambiwa afungashe vyuma vyake aondoke kwenye nyumba yake mwenyewe.

"Nilimwona," mama alisema.

"Ulimwona nani?"

"Bibi Harusi. Nilimwona akilamba." Kidole kilikuwa bado kwenye nguzo. "Siku ya kwanza nilimfukuza. Ya pili nikamfukuza. Ya tatu nikajiambia, mume wangu ameishi na oili miaka thelathini na mmoja, hawezi kuipaka mahali pabaya. Nikamwacha alambe."